Kichuguu cha Agneta

Kitale, 3 Machi 2025

Papa mpendwa,

Mulembe! Goti lako limetulia? Kaka Wangila na watoto wake ni wazima? Mimi sijambo kabisa, na kibanda changu cha njugu kiko pale pale sokoni. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unapaaza "haloo" mara nne kisha unakata, na jambo hili si la haloo.

Papa, nimepata biashara! Keti kwanza.

Jumamosi kwenye chama chetu, Beth alileta kumbikumbi waliokaangwa, aliowatoa Kamukuywa, wamefungwa kwenye gazeti. Wanawake wazima walisukumana, mimi nikiwa mbele yao. Waliobaki nikaenda nao sokoni, nikawachanganya na njugu zangu, chumvi kidogo, pilipili kidogo, nikavitia kwenye vipakiti. Kabla ya saa sita hakikubaki hata kimoja. Mulki mwenye duka karibu na msikiti hali wadudu hata umbembeleze, lakini ameniambia nimletee pakiti hamsini kila wiki msimu ukianza, maana wateja wake wa kutoka huko kwetu wanamsumbua. Hapa mjini sijaona mtu anayewauza kwenye pakiti safi yenye lebo!

Basi kile kichuguu cha mama yangu, Mayi wetu, nyuma ya jikoni, mtu asikiguse. Mvua ya Aprili ikinyesha tunaanza. Hamid wa teksi ya Probox atabeba ndoo na barua pia.

Binti yako,
Phelista

*

Misikhu, 10 Machi 2025

Mwanangu Phelista,

Mulembe mno. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau. Wangila ni mzima, wanawe wamemaliza maembe yangu mabichi yote na matumbo yao hayajasema kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na kucheka mara tatu. Ati chiswa, kumbikumbi wetu, kwenye pakiti! Bibi yako angefufuka ajionee watu wa mjini wakinunua kitu ambacho sisi tulifukuzana nacho uwanjani.

Lakini umechelewa. Kichuguu nimeshamwahidi Bethwel, yule fundi wa matofali. Anakuja tarehe ishirini Aprili kukibomoa, maana hakuna udongo unaoshika tofali kama huo, na nyumba ya Wangila imesimama kwenye madirisha tangu mwaka jana. Tena usidhani nakunyima mali. Tangu mayi wenu atuache, misimu minne ya mvua imepita na kichuguu hakijatoa hata konzi moja. Kimekufa, mwanangu. Kimebaki udongo tu.

Wewe endelea na njugu. Njugu hazina maneno.

Papa yako

*

Kitale, 14 Machi 2025

Papa,

Mulembe, pole na goti. Mimi ni mzima ila hasira kidogo, na imenipanda kwa sababu nakupenda.

Kichuguu hakijafa! Ni nani amewapigia ubao hao kumbikumbi tangu Mayi afariki? Si ulikuwa unamwona? Hawatoki kwa mvua peke yake, wale wa kwetu. Lazima wapigiwe waambiwe mvua imewafikia. Kwa misimu minne hakuna aliyewaita, kwa nini watoke?

Nakuomba msimu mmoja tu. Mvua ikikatika mchana, funika kichuguu kwa blanketi kuukuu juu ya fito, acha upenyo mmoja, na chini yake uzike sufuria. Laza ubao chini, chukua vijiti viwili, upige. Ikifika tarehe ishirini na hakuna kitu, mwache Bethwel abomoe, nami sitasema neno tena.

Halafu kuna jambo nilikuficha. Lebo mia mbili zimeshachapishwa. Nimeziandika "Kumbikumbi wa Agneta". Sasa jina la Mayi liko kwenye karatasi mia mbili chini ya kitanda changu na hakuna pa kuzibandika. Usiniache hivi, Papa.

Binti yako,
Phelista

*

Misikhu, 5 Aprili 2025

Mwanangu,

Mulembe. Mimi ni mzima, ila vidole vimevimba, na sababu ni wewe.

Nimepiga. Jumanne nimepiga, Alhamisi nimepiga, jana nimepiga. Jirani yetu Gathii aliegemea ua akaniuliza, "Mzee, unapigilia misumari gani isiyoisha?" Waliotoka ni siafu, nao hawakutaka sufuria, walitaka miguu yangu. Nilikimbia hadi jikoni bila kiatu kimoja. Wajukuu zangu wanaigiza mbio hizo kila jioni, na mdogo kabisa ndiye anayekuwa mimi.

Bethwel amekuja kupima. Anasema kitatoa matofali elfu mbili na zaidi.

Nikuulize kitu, na usinicheke. Mayi wenu alikuwa anapigaje? Nimeishi naye miaka thelathini na minne. Kila msimu nilikuwa nikimsikia nikiwa sebuleni na redio yangu. Hata siku moja sikutoka kumtazama. Nilijua tu sufuria itakuja mezani, na ilikuja.

Tangu azikwe, nikiona kile kichuguu masikio yangu yanasubiri ile sauti. Ndiyo maana nilimwita Bethwel. Si matofali tu.

Papa yako

*

Kitale, 8 Aprili 2025

Papa wangu,

Mulembe, na pole kwa siafu. Nimecheka, kisha nikafika kwenye yale maneno ya redio nikafunga kibanda mapema nikaenda kulia kwa Mulki. Amenipa chai ya tangawizi na kusema nimwambie mzee asikate tamaa, pakiti hamsini anazisubiri.

Mimi sikujifunza kupiga, nilikuwa mtu wa kuokota na kutafuna mabawa yakiwa bado yanapepea. Nakumbuka tu kwamba hakuwa na haraka. Alianza polepole, kama matone ya kwanza kwenye mabati. Halafu alinyamaza kidogo, akisema anawapa nafasi wasikilize. Zaidi ya hapo sijui.

Lakini wewe unajua, Papa. Umemsikia miaka thelathini na minne! Rudi kwenye kiti chako pale sebuleni, zima redio, ufumbe macho, ukumbuke. Ukishaipata, toka nje.

Binti yako,
Phelista

*

Kitale, 24 Aprili 2025

Papa,

Mulembe. Mko salama? Tarehe ishirini imepita na sina neno lako. Wangila hashiki simu. Hamid anasema Jumapili aliona mkokoteni wa Bethwel umeegeshwa kwetu na majembe matatu ndani. Kama mmeshakibomoa niambie tu, niache kuzitazama hizi lebo. Sitakasirika. Nimedanganya, nitakasirika, lakini niambie.

Phelista wako

*

Misikhu, 26 Aprili 2025

Mwanangu Phelista,

Mulembe, mulembe, mulembe! Sote wazima. Sikuandika kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. Fungua ndoo kwanza. Na ile ya pili. Nimewakausha juani na kupepeta mabawa mwenyewe kwenye ungo wa mayi wenu.

Jumapili mvua ilikatika saa nane. Bethwel akafika na majembe yake, akanikuta sebuleni nimefumba macho nagonga meza kwa vijiko viwili. Akamwuliza Wangila, "Mzee ni mgonjwa, ama?" Ndipo nilipoipata ile sauti. Tatu za polepole, moja nzito, kisha kimya. Papo hapo nikatoka na vijiti vyangu, nikakaa matopeni.

Nilipiga mpaka miguu ikafa ganzi. Bethwel akasema, "Mzee, si tuanze tu kazi bana." Mara akatoka mmoja, akatikisa mabawa. Wakatoka kumi. Halafu kichuguu kizima kikachemka, mwanangu, sufuria ikajaa, ndoo ikajaa, na Bethwel akatupa jembe akawa anazoa kwa kofia yake huku anapiga kelele kuliko watoto! Udongo atachukua kule mtoni. Amesema mwenyewe, mdomo ukiwa umejaa.

Nililia pale pale mbele ya watu. Ningetoka siku zile nikakaa naye, hata mara moja, angefurahi. Hilo linaniuma na litaniuma.

Lebo zibandike zikae wima, jina lake lisomeke. Chapisha nyingine. Mawingu yamejaa tena, kwa hiyo Hamid akileta ndoo tupu mwambie asigonge mlango wa sebule. Niko nje.

Papa yako