Tarehe Thelathini na Moja Juni

Jumatatu, 4 Agosti

Mama ameosha mikono tena. Mimi namsomea karatasi ya hatua za kunawa: kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, vidole gumba. Chai inapoa. Tunafanya hivi kila asubuhi tangu tufunge shule, kabla hajatoka hapa Uthiru kwenda kwa wadi yake ya watoto huko Upper Hill. Wakaguzi wa ithibati wanakuja tarehe 14. Hospitali ikipita, inapewa cheti kwamba inatibu watu inavyotakiwa.

Wenzake wanasema ni makaratasi tu. Sista Njoki, mkubwa wa wadi, anasema cheti ni cha kutundikwa mapokezi wageni wakione. Mama hakubali. Anasema tangu maandalizi yaanze sabuni haiishi, na muuguzi akikosea anajaza fomu, watu wanatafuta kilichosababisha badala ya kumfokea mbele ya wagonjwa. Mwaka jana yeye alifokewa hivyo. Alilia bafuni akidhani sisikii.

Kwa hiyo naipenda hii ithibati. Sababu yangu ni hiyo tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Baridi. Nimefua. Msichana wa nyumba namba tatu amebisha aniite tutembee. Nimejifanya nimelala. Saa nne asubuhi.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui niandikeje hii.

Tumetoka kanisani, Mama akatoa karatasi kwa mkoba. Chati za friji ya chanjo. Kila asubuhi na kila jioni mtu anafaa kusoma kipimajoto na kuandika namba. Juni na Julai ziko tupu. Sista Njoki amegawia kila mtu za kwenda kumaliza nyumbani.

"Mercy, wewe mwandiko wako unafanana na wa kila mtu. Weka nne, tano, mara moja moja sita. Usipitishe nane, hapo chanjo zinaharibika. Na ubadilishe kalamu."

Mama! Mama huyu ambaye nikinakili hesabu za mwenzangu ananifutia ukurasa mzima.

Nilichukua kalamu mbili. Mimi husema kitu lini? Nilijaza. Na aibu yenyewe ni hii: nilifurahia. Bluu asubuhi, nyeusi jioni. Nikaegemeza nne zingine kushoto kama za mtu mwenye haraka. Nikajaza kila kisanduku mpaka cha mwisho. Mama alikuwa anakatakata sukuma wiki jikoni. Hakuja kuangalia hata mara moja.

Jumanne, 12 Agosti

Mama ameosha mikono peke yake. Hakunipa karatasi nisome.

Jumatano, 13 Agosti



Mzee Barasa, jirani yetu hapa kwa ploti, ndiye msafishaji wa wadi ya Mama. Nimemkuta kwa mfereji. Ameambiwa naye akariri majibu ya wakaguzi.

"Wakiniuliza moto ukiwaka nakimbilia wapi, nitawaambia nyumbani kwa bibi yangu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Bora wasiniulize friji. Hiyo kitu ilinitesa mwezi wa sita, ule wakati mama yako alienda matanga Vihiga. Ilizima siku tatu. Nikipanguza maji, yanarudi. Fundi akakuja, ikawaka, story ikaisha."

Mwezi wa sita. Juni. Nne, tano, nne.

Ndoo yangu ilikuwa inamwagika, sikuona.

Mama hajui. Nilifungua mdomo mara mbili tukila. Mara ya kwanza nikakohoa. Mara ya pili nikaomba chumvi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama amerudi saa nane mchana. Amekaa kwa kiti na sare yake, mkoba bado begani.

Anasema mkaguzi ni mwanamke mmoja mpole, wa miwani. Amepitia chati polepole, kisha akauliza, "Nani alikuwa zamu tarehe thelathini na moja Juni?"

Fomu ina visanduku thelathini na moja kwa kila mwezi. Nilivijaza vyote. Asubuhi nne, jioni tano. Juni haina thelathini na moja! Mtoto wa nasari anajua!

Sista Njoki akaangalia viatu vyake. Mama akasema, "Ni mimi. Namba zote ni za kutunga." Hakunitaja. Amepewa barua, atasikilizwa Jumatatu. Anaweza kufutwa kazi.

Hapo ndipo nikamwambia kuhusu friji iliyozima, na maji ya Mzee Barasa. Sauti ilinitoka ndogo sana, akaniambia nirudie.

"Siku tatu?"

"Siku tatu."

Akasimama. Nami nikasema jambo ambalo siwezi kumwambia mtu. Nikasema, "Mum, usirudi. Wao wanajua ya chati tu." Nilitaka anyamaze ndiyo abaki na kazi. Niliyasema haya nikijua.

Aliniangalia kama ameona mtoto wa mtu mwingine.

"Hizo chanjo zilidungwa watoto, Mercy."

Akarudi Upper Hill.

Ijumaa, 15 Agosti

Amejaza ile fomu ya makosa. Jina lake ameliweka juu mwenyewe. Sasa wazazi wanapigiwa mmoja mmoja, watoto warudie chanjo. Anayepiga ni Mama. Mzazi mmoja wa mtaa wa Mountain View amemtukana matusi ambayo Mama amekataa kuniambia.

Sista Njoki amepiga simu Mama akikuna nazi, kwa hiyo ilikuwa kwa spika.

"Umetuuza. Chati wangesamehe. Hii ya friji nani alikutuma?"

"Hakuna, Sista."

"Cheti kimeenda. Umefurahi?"

Mama akaendelea kukuna nazi muda mrefu baada ya nazi kuisha.

Jumatano, 20 Agosti

Walimsikiliza Jumatatu. Hakufutwa. Barua ya onyo, na ametolewa kwa watoto, sasa yuko kliniki ya macho. Cheti hawakupata. Wakaguzi watarudi.

Mama anasema yule wa miwani aliomba nakala ya fomu yake. Alisema hiyo ndiyo karatasi pekee anayoiamini katika wadi nzima. Mama alinisimulia hilo akiwa amenipa mgongo, akikunja nguo.

Mzee Barasa anasema kuna chati mpya kwa friji. Siku ambayo hakuna aliyesoma, wanaandika: haikusomwa. Sista Njoki mwenyewe ndiye wa kwanza kuandika hivyo.

Leo asubuhi Mama ameweka karatasi ya mikono mbele yangu. Nimesoma. Ameosha.

Nimerudi kwa daftari hili nikakuta siku nne tupu. Nakumbuka karibu yote, ningeweza kuzijaza sasa hivi, hata kubadilisha kalamu.

Jumamosi: sikuandika.
Jumapili: sikuandika.
Jumatatu: sikuandika.
Jumanne: sikuandika.