Damu Yangu Haikupokelewa

Tensta, Stockholm
9 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu tuagane? Miguu yako inaendeleaje, na Kamila na ujauzito wake? Mimi sijambo. Nakuandikia kwa sababu ukishika simu unasikia nusu, na nusu nyingine mdogo wangu Kamila anakufupishia.

Baridi imeanza. Nikitoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, napanda treni hadi Tensta, nafunga mlango, na mpaka kesho yake hakuna anayeniita jina. Mwenzangu wa kazi, Hortense, Mkongo wa Uvira, huchangia damu. Juzi tulikuwa tunakunja mashuka, ujumbe ukaingia kwenye simu yake: mgonjwa amepewa damu yake. Alitabasamu tu, akairudisha simu mfukoni. Mama, nilimwonea wivu. Katika mji huu kuna mtu asiyemjua, naye amemhitaji. Nimejiandikisha. Mtu mpya huchukuliwa damu kidogo ya kupima kwanza, ndipo aitwe.

Mwanao,
Winifrida

Bukoba
2 Oktoba 2023

Mwanangu Winifrida,

Marahaba. Huku tunaamka. Miguu inauma lakini kanisani inanifikisha. Tumbo la Kamila limeshaanza kuonekana. Mumewe yuko Geita machimboni, kwa hiyo Kamila anakaa hapa nyumbani kwangu.

Hilo la damu sikulipenda, maana wewe ni mwembamba. Kisha nikakumbuka baba yako alipolazwa, tulivyohangaika kumtafutia wa kumchangia na ndugu wakajificha. Basi nenda. Ule vizuri kwanza. Wakikuita uniambie siku, nikuombee.

Mama yako

Tensta
6 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na umekaa.

Hawakuniita kuchangia. Waliniita kwa daktari. Damu yoyote hapa hupimwa virusi kabla haijamfikia mgonjwa, na kwangu wamekuta virusi vya homa ya ini, aina ya B. Damu yangu hawataipokea, si sasa wala baadaye. Ini langu bado ni zima, watakuwa wananiangalia. Nilimwambia daktari sijawahi kuumwa ini. Akasema wengi hukaa navyo miaka bila kujua, na kwamba kwetu wengi huvipata wakati wa kuzaliwa. Halafu akaniuliza, "Mama yako yuko hai? Una ndugu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili si langu peke yangu. Nakuomba mkapimwe, wewe na Kamila, kabla hajajifungua. Kama anavyo, mtoto akichanjwa mara tu anapozaliwa anaweza kukingwa. Sikulaumu, Mama. Hukujua, wala hakuna aliyewahi kukupima.

Hortense sijamwambia. Kazini nimejitengea kikombe, ingawa daktari alisema ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe.

Mwanao,
Winifrida

Tensta
10 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Hujambo lakini? Krismasi imepita bila neno lako. Nikipiga simu, Kamila anasema uko shambani, hata saa ambazo najua huko giza limeshaingia. Nasikia sauti yako nyuma yake.

Kamila sijamwambia kitu. Nilikusubiri wewe uanze. Lakini siku zake zinakaribia. Ukiendelea kunyamaza nitamwambia mwenyewe. Afadhali nikukosee adabu kuliko mtoto azaliwe bila chanjo.

Mwanao,
Winifrida

Bukoba
24 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nakusalimu, na unisamehe kwa kimya.

Kila nilipochukua kalamu niliona kwamba nilikupa uhai na ugonjwa siku moja. Baba yako alikufa tumbo limejaa maji, tukasema amerogwa. Sasa sijui.

Barua yako ya Januari ilipofika nilimwambia Kamila, tukiwa jikoni tunamenya ndizi. Alilia, kisha akaenda kuvaa viatu. Tumepimwa. Sote wawili tunavyo. Nesi akaagiza chanjo mapema, na mtoto alipozaliwa akachomwa siku ileile. Ni wa kiume, wamemwita Dominic.

Kamila ananyonyesha, nesi kamruhusu. Ila mimi simshiki mtoto. Nimeshawaharibu wewe na mdogo wako, yatosha. Napika uji naupeleka mpaka mlangoni kwao. Mtoto akilia nasimama papo hapo mlangoni mpaka anyamaze.

Mama yako

Tensta
19 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Miguu inakupa nafuu?

Nilikwenda na barua yako kliniki, nikamtafsiria nesi yale ya mlangoni. Akasema, "Mwambie bibi ambebe."

Virusi hivi haviambukizwi kwa kumpakata, wala kumwogesha, wala kumbusu. Mtoto ameshachanjwa, amalizie tu chanjo zilizobaki. Hukumharibu mtu, Mama. Ulituzaa, basi.

Mimi hapa naweza kumaliza wiki sijashikana mkono na mtu, na hilo siwezi kulibadilisha kwa kuandika barua. Wewe mjukuu wako yuko chumba cha pili. Usisimame mlangoni. Ingia, kaa kitandani kwa Kamila, umpokee mtoto.

Mbebe, Mama.

Mwanao,
Winifrida