Majina Tisa Kwenye Karatasi ya Kanisa

Pine Hollow, Alabama
Machi 12, 1972

Mwanangu Verlene,

Hujambo? Baridi ya Chicago imepungua? Mimi mzima, ila goti. Majibu ya damu yamefika. Watu arobaini na mmoja walikubali sindano yako kwa kuwa ni wewe, binti wa Odessa, daktari mweusi wa kwanza katika maabara ile ya magonjwa ya kurithi. Angekuja mzungu, wangekimbilia msituni. Umesema tisa wana selimundu nusu, na kaka yako Lucius yumo. Nililia. Kisha nikampa Mchungaji Gaines majina, akayachapa kwenye karatasi ya Jumapili, kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa. Kanisa zima limeomba.

Mama yako

Chicago, Machi 18

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama, nilikuandikia umwambie kila mtu peke yake, nyumbani kwake. Hao si wagonjwa. Wamerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, cha baba au cha mama. Anayeumwa ni aliyerithi viwili, kama marehemu mdogo wetu Amos. Lucius anaweza kubeba marobota ya pamba mpaka azeeke. Tafadhali kusanya karatasi zote, hata iliyofungiwa biskuti. Leo, Mama, si kesho.

Mwanao Verlene

Pine Hollow, Aprili 3

Verlene,

Tu wazima. Karatasi moja ilishafika kiwanda cha nyuzi wanakofanya kazi wote tisa, mezani kwa msimamizi. Tisa wote wamefukuzwa. Kawaambia, "Daktari wenu mwenyewe kasema damu yenu mbovu." Kosa ni langu, mdomo ni wangu. Lakini jana dukani Bi Arletha kaniuliza, "Odessa, damu yetu binti yako kaila na nini?" Lucius hataki kusikia jina lako. Umesoma miaka yote hiyo, tafuta neno la kumwambia msimamizi yule.

Mama

Chicago, Aprili 9

Mama,

Shikamoo. Nimemwandikia. Nimemwambia nami nina kinasaba hichohicho tangu kuzaliwa, na nasimama wodini na maabara saa kumi na mbili kwa siku. Nimetia sahihi jina langu kamili, nakala kwa hospitali yangu na kwa gazeti la huko. Nilijipima mwaka 1955, nikanyamaza. Niliogopa wangesema mweusi huyu naye mgonjwa, arudi kwao. Nakala nyingine ya barua hiyo iko humu, isome kanisani. Wakubwa wa hospitali wameniita Ijumaa. Naogopa, Mama.

Mwanao

Pine Hollow, Mei 1

Verlene mwanangu,

Sijambo, na goti lina nafuu. Telegramu yako nimeipata: wamekutoa maabara, na unakuja nyumbani. Pole, mama. Barua yako ilisomwa kanisani. Gazeti lilipoichapa, kiwanda kikawarudisha sita. Watatu bado, na Lucius ni mmoja wao. Aliisoma mezani mpaka uji wake wa mahindi ukapoa.

"Alijua tangu lini?"

"Tangu hamsini na tano."

"Akatuacha sisi tutangulie kuaibika."

Sikubisha, maana ni kweli. Nikamwambia unaingia Jumamosi, basi la saa tisa. Akaula uji ule baridi wote. Kisha akasema atakuja kukupokea kituoni, lakini mzigo wako utaubeba mwenyewe.

Mama yako