Vifuniko Nilivyovikaza

Dada yangu mpendwa,

Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba Baba sasa analala usiku, si mchana, maana malale humgeuzia mtu saa zake. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii.

Umeniandikia kwamba Baba amegoma kumalizia sindano, anasubiri ile dawa mpya niliyowasifia. Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Maabara yetu hufuga vijidudu vya malale kwenye chupa. Daktari anayeijaribu dawa hiyo mpya alinieleza kuwa kila kijidudu kina kinu chake cha nguvu. Kikiwa ndani ya damu kinu hicho husinyaa, nacho huishi kwa kubugia sukari, lakini hewa lazima kiivute. Dawa yake inakusudiwa kukiziba pumzi. Mimi hubandika lebo kwenye chupa zenye dawa. Zisizo na dawa ni za fundi wa maabara, ambaye hunicheka ninavyovaa glavu mbili mbili na kuniambia, bwana karani, hawa hawarukii mtu.

Wiki iliyopita vijidudu vya chupa zenye dawa vilikutwa vimekufa vyote; vya fundi vilikuwa vinacheza tu. Daktari alimkumbatia fundi, akanikumbatia hata mimi. Ndipo nikawaandikia kwa furaha.

Leo asubuhi fundi alimfokea mwenzake mgeni aliyekaza kifuniko cha chupa. Alimuuliza, ndugu yangu, unataka kuninyongea mifugo? Vifuniko huachwa vimelegea ili hewa iingie.

Dada, mimi huvikaza. Kila chupa niliyoishika niliikaza kwa nguvu zangu zote, nikiogopa vijidudu visije vikatoka. Hakuna aliyeshuku, kwa kuwa kufa kwa kukosa hewa ndiko walikokutarajia. Huenda dawa haikuua kitu. Huenda ni mkono wangu.

Daktari bado sijamwambia. Nimefika mlangoni kwake, nikarudi, nikafika tena. Nimeanza na wewe kwa sababu yeye anaweza kurudia jaribio lake. Baba akichelewa hana pa kurudia. Simu yako haipatikani, hivyo dereva wetu anakuletea barua hii mkononi. Mpeleke Baba akachomwe sindano leo hii. Akibisha, msomee yote, hata panaponiaibisha.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie namkumbuka. Dereva anapiga honi. Nikishampa bahasha hii, nabisha hodi kwa Daktari.

Mdogo wako anayekupenda,
Kitinda mimba