Mafuta ya Marehemu, na Marehemu Ni Mie

Temeke, Jumamosi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne hivi, nikapata kutoka. Buibui langu limejaa matope ya Buguruni na wala sijalifua. Nataka nilitazame kidogo.

Leo nimeachwa. Nimefurahi kama mwari aliyeposwa.

Niandike kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Mume wangu Shabani alitoka humu ndani mwaka jana, mie niko kitandani na homa ya kifua. Alisema anakwenda kuniletea dawa. Hakurudi. Talaka hakunipa, matumizi hakuleta. Aliyeniuguza ni jirani yangu Bi Tatu. Nilipopata nafuu nikarudia kazi yangu ya siku zote: kupika mafuta ya nazi, kuyatia mrehani na karafuu, kuyauza mlangoni. Mafuta mazuri, wanunuzi wachache. Nilikaa kimya nyuma ya chupa zangu, nikidhani harufu yenyewe itawaita watu.

Mwezi uliopita Bi Tatu akarudi kutoka gulio la Buguruni, akasimama mlangoni kwangu hata kikapu hajakitua kichwani.

"Mwanaidi," akasema, "Shabani yuko Buguruni, anauza mafuta kama yako. Na wewe umekufa."

Jumamosi iliyofuata nikajifunika uso, nikaenda kusimama nyuma ya watu. Shabani amekaa mkekani, chupa zimepangwa mbele yake, anasimulia. Mkewe, mwanamke mpole wa Lindi, alishikwa na kifua. Yeye akakwea milima ya Pugu kwa miguu, mvua inampiga, kumtafuta mzee mmoja anayejua dawa. Aliporudi na chupa mkononi, akakuta maiti inaoshwa.

"Nilichelewa, ndugu zangu," akasema. "Nyie msichelewe."

Hapo akalia, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Wanawake wakajifuta macho kwa ncha za kanga, mikono ikanyooshwa. Nipe ya Marehemu! Nami nipe ya Marehemu! Hivyo ndivyo yanavyoitwa kule.

Ni mafuta yangu yale yale, kama alivyoniona nikipika. Hakuongeza kitu ila maiti.

Na mie, ndani ya buibui langu, nikalia. Naona haya kuandika, lakini nililia. Aliwaeleza jinsi marehemu alivyokuwa akiimba puani wakati wa kukuna nazi. Sikujua kama aliwahi kunisikia. Miaka yote tuliyokaa pamoja hakunisifia hata chai. Nilimwonea wivu yule mwanamke aliyekufa, akapendwa namna ile.

Kisha nikakumbuka kitanda changu, na kikombe cha maji nilichokuwa siwezi kukifikia.

Sikupiga kelele. Nilingoja watu wapungue, nikainama kama mnunuzi, nikafunua uso.

"Nipe ya Marehemu," nikamwambia.

Chupa ikamponyoka.

Kesho yake alikuja hapa Temeke na sukari na doti ya kanga. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Mwanaidi, nenda zako Lindi kwa kaka yako. Nauli nitatoa mie. Au basi, ukija Buguruni, sema wewe ni mdogo wake."

"Mdogo wake nani?"

"Marehemu."

Nilicheka mpaka Bi Tatu akaja kuchungulia. Nilipomaliza kucheka nikamwambia ninachotaka. Nataka talaka yangu, na naitaka palepale gulioni, mbele ya watu anaowaliza. Akaomba aitoe humu ndani, mashahidi wawili, mambo yaishe kwa heshima. Nikamwambia heshima yangu ameshaizika. Akikataa, nakwenda kwa kadhi, na kila siku ya gulio nitakuwa nakaa ubavuni mwake na chupa zangu, uso wazi.

Leo akatimiza.

Watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa imewaweka ndani asubuhi nzima. Alisimama, mie nikasimama kando yake. Akazungumza na viatu vyake.

"Mwanaidi binti Saidi, nimekuacha."

"Hawajasikia," nikasema.

Akarudia kwa sauti. Nikamwambia awaeleze mie nilikuwa nani wake.

"Mke wangu," akasema.

Bibi mmoja wa mbele, chupa yake ameikumbatia, akamkodolea macho. "Baba, si ulisema ulikuwa na mke mmoja tu, akafa?"

Shabani akaninyooshea kidole. "Ndiye huyu."

Yule bibi akaiweka chupa chini, polepole, miguuni pake. "Kila Alhamisi namsomea dua mkeo," akasema. "Nirudishie dua zangu."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile kilimwumiza kuliko mawe. Alikunja mkeka na baadhi ya chupa zikiwa bado juu yake.

Nilimtazama mgongo wake mpaka ukapotea kwenye njia ya Pugu, na nikaona tamu. Naandika hivyo makusudi, nisije baadaye nikajidanganya kwamba nilimhurumia.

Yule bibi akanigeukia. "Na mafuta, mwanangu, anapika nani?"

"Mie, bibi."

"Ehe. Hebu tueleze."

Nikawaeleza. Homa, ahadi ya dawa, mlango alioufunga asiufungue tena. Sikutia mlima wala chozi. Wakanisikiliza midomo wazi kama walivyomsikiliza yeye, na zamu hii hakuna aliyedanganywa. Kumbe miaka yote nilikuwa nauza mafuta bila kufungua mdomo, na mwizi wangu ndiye aliyenifundisha kusema.

Tuliporudi na Bi Tatu, wanawake wawili walikuwa wameshatangulia, wanangoja mlangoni. Wanataka ya Marehemu. Nilifikiria kuwaambia yana jina jingine. Nikawapa tu.

Je, machozi ya Shabani yalikuwa ya kweli? Nilidhani sitajali.

Eda yangu imeanza leo. Nitakaa ndani, nitapika, wenye haja watabisha hodi. Na kila atakayeuliza kwa nini yanaitwa hivyo, nitamwekea kigoda nimsimulie tangu mwanzo, kituo kwa kituo. Jina la Shabani nitalitaja, na la baba yake pia, asije akadhaniwa Shabani mwingine.