Marahaba ya Kilele cha Nne

Akheri, Meru,
Arusha.
Jumatano, 16 Julai 2025

Mpendwa dada Anaeli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hans na watoto, na kwamba joto la Mtwara halijawachosha. Kifua cha Elisante kimepona? Mama mdogo anauliza kila jioni. Huku baridi ya Julai ni kali, ukungu hauondoki kwenye migomba mpaka karibu na mchana. Mama mdogo hajambo. Mimi sijambo. Baba mdogo anakula, analala na anakwenda kazini.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Baba yako alinikataza kukupigia simu juu ya jambo hili. Barua hakuitaja. Najua ni ujanja mdogo, wa karani, lakini nimeutumia kwa sababu simwoni mwingine wa kumsaidia ila wewe.

Unakumbuka kwamba ni yeye, baba mdogo, aliyeniombea nafasi dukani kwa mzee Hatim, tunakouza vipuri vya magari. Yeye ni mtunza stoo, mimi ni karani wa ankara, na nilikuwa bado kwenye majaribio. Mzee Hatim siku hizi anaumwa, haji sana. Anayeamua mambo ni meneja, bwana Stanley. Huyo ni mtu wa kucheka, na kila anapocheka watu hutazamana kwanza kujua nani anachekwa.

Mwezi uliopita tuliambiwa stoo inahamia Kwa Mrombo, kwenye jengo la ngazi nyingi, na kwamba itahitaji mtu mwenye miguu. Siku chache baadaye Stanley akatangaza matembezi ya wafanyakazi wote: kuzunguka kwa siku moja vilele vinne vya ile milima mikavu iliyo nyuma ya Oldonyo Sambu, na kurudi pale pale tutakapoacha gari. Hakusema atakuwa akitazama miguu ya nani. Hakukuwa na haja. Baba mdogo alivaa vile viatu ulivyomtumia Krismasi. Usihuzunike, namba ilikuwa yake. Tatizo lilikuwa soksi, nyembamba mno.

Milima ile si kama huku kwetu. Ni mawe meusi yenye ncha, miiba, na majivu yanayoteleza chini ya mguu. Kati ya kilele na kilele kuna korongo, na pembeni ni majabali matupu, kwa hiyo ukishapita cha kwanza hakuna njia ya mkato, lazima umalize duara. Aliyetuongoza, kijana wa huko huko aitwaye Lesikar, alitueleza hivyo mapema. Baba mdogo alisikiliza, akakaza kamba za viatu, akaanza kupanda.

Kwenye kilele cha kwanza Stanley akaweka mchezo: anayefika wa mwisho anawaamkia wote. Rohit, mpwa wa mzee Hatim, alikuwa amechelewa kwa kupiga picha. Akashika magoti, akasema, "Shikamooni wazee wangu, naombeni maji." Nilicheka mpaka machozi. Kweli dada, hapo ulikuwa mchezo mzuri.

Kwenye kilele cha pili wa mwisho alikuwa baba mdogo.

Princess wa mapokezi akasema, "Kwa mzee hapana, jamani."

"Kwani mlima unauliza mtu kazaliwa lini?" Stanley akamjibu. "Rohit katoa, na mzee atoe."

Baba mdogo alicheka, akasema shikamooni.

"Siyo kwa jumla, mzee wangu. Mmoja mmoja, kwa jina."

Akawapitia. Vijana wa kupakia mizigo, ambao kila asubuhi humwamkia dirishani awape glavu, waliitika, "Marahaba, hujambo?" Mmoja akaongeza, "Unasoma darasa la ngapi?" na wenzake wakaanguka kwa kicheko. Alipofika kwa Lesikar, yule kijana hakuitika. Aliinamisha kichwa, kama vijana wa kwao wanavyofanya mbele ya mzee, akangoja kuguswa. Baba mdogo akamwekea kiganja utosini. Stanley akasema, "Kiongozi hayumo kwenye mchezo." Alipofika kwangu, nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.

Kuelekea cha tatu niliamua wa mwisho niwe mimi. Nilijifanya mguu umeteguka. Baba mdogo akanielewa, akaketi juu ya jiwe.

"Pita," akasema.

"Pita wewe, baba mdogo."

"Nataka kujisaidia. Utanisimamia?"

"Nitageuka."

"Meki, majaribio yako yanaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi pita. Mtu wa majaribio hashiki mkia."

Huko juu walikuwa wametuona. "Jamani, wawili wanagombea kushika mkia!" Nikapita. Kileleni yakawa yale yale, na mimi nikatazama tena viatu vyangu.

Cha nne ndicho kirefu kuliko vyote. Alifika tukiwa tumekwisha kula. Alikuwa akikanyaga kwa kando za nyayo, na soksi nyeupe zilikuwa zimebadilika rangi kisiginoni. Aliwaamkia wote bila kuambiwa, haraka haraka, kama anavyosoma majina ya vipuri. Stanley akainua mkono.

"Karani wetu hajaamkiwa. Leo kamba zake zinafunguka kila kilele. Melkizedeki, simama upokee salamu yako."

"Bosi, huyu ni baba yangu mdogo."

"Kazini hakuna baba mdogo. Mtu anayeogopa kuitika salamu, nimthibitishe akaongee na wateja?" Aliposema hivyo hakucheka, ndiyo maana niliogopa.

Baba mdogo akaja mpaka mbele yangu. "Shikamoo, bwana Melkizedeki."

Nilidhani nikinyamaza vya kutosha atatokea mtu wa kusema kitu.

"Itika, mwanangu," akasema. "Watu wamechoka, wanataka kushuka."

Ilikuwa sauti ile ile aliyokuwa akitutuma nayo kuni. Tangu anichukue nyumbani kwake sijawahi kumkatalia aliponituma. Nikaitika.

"Hatujasikia," Stanley akasema.

"Marahaba," nikarudia, kwa sauti.

Wakapiga makofi. Tukashuka, duara likaishia kwenye gari, na Stanley akampiga baba mdogo begani. "Mzee bado una miguu. Kwa Mrombo utakwenda." Jumatatu mimi nikathibitishwa kazini, hata mwisho wa mwezi haukungojwa. Kwa hiyo wote wawili tulipata tulichokifuata kule.

Tangu siku ile, dada, baba yako haitikii shikamoo. Si yangu, si ya watoto wanaopita kwenda shule, si ya wanakwaya wakitoka kanisani. Hujibu "Salama," au "Habari za asubuhi," kwa adabu, kama anaongea na mtu wa rika lake. Mama mdogo anadhani ni masikio. Amemtia mafuta ya vuguvugu, sikio moja kisha jingine, na yeye amelaza kichwa mapajani mwake akakubali, kwa sababu kukubali ni rahisi kuliko kueleza. Wiki ijayo atapelekwa kwa daktari wa masikio. Kazini vijana hugonga dirisha la stoo: "Mzee, leo hutuamkii?" Naye huwaamkia, huku anawatafutia glavu.

Mimi humwamkia kila asubuhi mlangoni mwa jiko. Hunitazama vizuri, bila hasira yoyote, akasema, "Salama, bwana."

Ninachokuomba ni kimoja. Jumapili utakapompigia, anza na shikamoo kama siku zote, kisha nyamaza. Usiulize afya, usimpe mtoto simu. Ngoja. Akiitika, nitumie neno lile lile aliloitikia tu, nitajua. Asipoitika, usimwambie mama mdogo. Mwache aendelee na masikio.

Nisalimie shemeji Hans, Elisante na Nuruana. Mama mdogo anawasalimu sana, na anasema maziwa ya mbuzi yanafaa kwa kifua. Mungu awalinde huko, na ayaongoze maneno yako siku ya Jumapili.

Wako akupendaye, na ambaye bado ni mdogo wako,

Melkizedeki