Pumua, Dada

Wiebke, nacheka peke yangu kwenye gari kama chizi.

Si nilipeleka bunduki yangu ya shabaha kwa mafundi wa mji wa Suhl, watafute risasi zinazoielewa? Wakaibana kwenye chuma, hakuna anayeishika, fundi Dörfler anafyatua tu. Mimi nimesimama nyuma yake, na kila akifyatua nabana pumzi kama vile ni mimi ninayelenga. Nabana pumzi, Wiebke, mpaka kizunguzungu.

Akageuka. "Dada, bunduki imefungwa. Pumua."

Boksi baada ya boksi, risasi zikatawanyika ovyo, likabaki boksi la mwisho. Likikataa, Jumapili sishindani.

Risasi kumi zote tundu moja. Tundu moja, shoga.

Namgeukia nimkumbatie, namkuta uso mwekundu kama nyanya. Na yeye alikuwa amebana pumzi.

"Ole wako umwambie mtu."

Wewe si mtu, wewe ni Wiebke.